Maili zako za ndege zisikuozee kwenye akaunti

Nimefanya kazi miradi ya wakimbizi huku Kasulu miaka mingi, na kila nikiitwa semina Ulaya nilikuwa napanda ndege, nalala, nashuka, maili, zile pointi shirika la ndege linakupa kwa kusafiri nalo, zinajikusanya hata sina habari nazo. Shirika moja nilikuja kufungua akaunti nikakuta sifuri, zimeisha muda wote, niliumia jamani. Kwa hiyo zile za Flying Blue, mpango wa maili wa KLM na Air France, nikasema hizi siziachi zipotee, maana nazo ukikaa muda mrefu bila kusafiri zinaweza kufutika.

Hapa Ujiji kuna kikundi cha akina mama wenye watoto waliozaliwa na mguu kifundo, yaani wayo umepinda kuelekea ndani. Walikuwa wanamtaka mtaalamu wa Nairobi aje awafundishe manesi wetu kufunga plasta. Tiba yenyewe haitaki upasuaji mkubwa, mguu wa mtoto unanyooshwa kidogo kidogo, unafungwa plasta, wiki ijayo inatolewa inafungwa nyingine, wiki tano sita hivi, na wengi mwishoni wanakatwa kidogo tu kano ya kisigino. Ila lazima mkono uwe umefundishwa.

Sasa sikilizeni. Mashirika ya ndege mengi yana sehemu ya kuchangia maili, lakini zinaenda kwa taasisi walizozichagua wao, kikundi cha Ujiji hukikuti pale. Na kuhamishia maili akaunti ya mtu mwingine mara nyingi unalipishwa. Nilichofanya, nikakata tiketi mwenyewe kwa maili zangu, kwa jina la yule mtaalamu, herufi kwa herufi kama ilivyo kwenye pasipoti yake (mwambie akutumie picha, usiandike kwa kusikia kwenye simu). Kenya Airways wako SkyTeam, muungano wa mashirika ya ndege, pamoja na KLM, ndo maana Nairobi–Dar ilikubali. Na tiketi ya maili sio bure kabisa, kodi na tozo unalipa hela taslimu, kwa hiyo kubalianeni mapema nani anatoa.

Kikwazo kikubwa ni huku kwetu mwisho wa reli. Air Tanzania hawamo SkyTeam, maili zangu ziliishia Dar, na treni kwa mtu mwenye siku nne za likizo haiwezekani. Tukachanga kwenye grupu la WhatsApp, mwingine elfu kumi, mwingine elfu mbili, tiketi ya Dar–Kigoma ikapatikana. Ndo maana nasema waulize kwanza wanahitaji nani, atoke wapi, lini, kabla hujagusa maili hata moja. Na kuziuza usijaribu, wakikubaini wanafunga akaunti.

Siku ya pili ya mafunzo nilienda kuangalia. Ndoo ya maji ya uvuguvugu chini, bandeji za plasta zinachovywa humo, mama mmoja wa Kibirizi ananyonyesha huku nesi wetu ameshika kile kiguu, na mgeni kakunja mikono pembeni anaangalia tu, hagusi.