Kwa mjamzito, wa kuogopa kwanza ni papa

Dadangu, jirani aliyekwambia samaki wa kufugwa ni sumu na wa baharini wote ni salama amekupotosha. Kwa mimba yako wa kuogopa kwanza ni papa, tena yule mkavu tunayempenda hapa Mombasa. Zebaki, metali yenye sumu, hujilimbikiza kwa samaki wakubwa walao wenzao: papa, nduaro, jodari mkubwa, hata nguru. Haitoki kwa kuanikwa juani wala kwa tui la nazi; imeshikana na nyama yenyewe, na hudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni. Wewe kula tafi, changu, vibua, dagaa, mara mbili au tatu kwa wiki, na waive vizuri.

Wa kufugwa kwa kawaida ana zebaki kidogo, maana hutolewa bwawani akiwa bado mdogo. Lawama zake ni nyingine: dawa za antibiotiki pale samaki wanaposongamana, na chakula kinachosagwa kutokana na dagaa wa baharini (tilapia ana nafuu, hula zaidi nafaka na mimea). Tilapia wa barafu kutoka China mimi huangalia tarehe kwenye katoni, basi.

Upande wa mazingira, mwatiko (milkfish) wa mabwawa ya Kilifi na Kwale nampenda, mradi mikoko haikukatwa kuchimba bwawa, ingawa vifaranga wake bado huokotwa baharini. Na ukinunua wa baharini, muulize mchuuzi kavuliwa kwa chombo gani. Wa dema (mtego wa kusukwa) au mshipi, chukua. Wa juya, wavu unaokokotwa hadi ufukweni, mwache: limepigwa marufuku hapa Kenya tangu 2001, na bado lavutwa.