Nimezika kipaji chini ya cherehani: nafsi ya mtu asiye na nafasi hulelewa vipi?

SWALI

Assalaam alaykum ustadh. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Manyatta hapa Kisumu na nashona nguo katika kibanda karibu na soko la Kibuye. Nilipokuwa msichana nilihifadhi juzuu tano za Qur'ani, na nilikuwa nikifundisha watoto madrasa. Watu walikipenda kisomo changu. Tangu niolewe ni miaka kumi na moja, na nyingi ya hizo juzuu zimenitoka. Swala tano nazitimiza, lakini nikitoa salamu najikuta kama sikuwapo. Rafiki yangu hunitumia video za watu wanaosema kila mtu ana nguvu isiyo na mpaka ndani yake, ajiamini tu na kuyaamrisha maisha yampe anachotaka. Nikizitazama napata moyo, kesho yake niko palepale. Je, nimezika amana ya Mwenyezi Mungu? Nafsi ya mtu kama mimi, asiye na nafasi, hulelewa vipi? Na je, inafaa kusoma nilichohifadhi nikiwa kwenye cherehani bila udhu?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Maswali yako ni matatu, na la mwisho ndilo jepesi, kwa hiyo nitaliweka mwisho. Kuna neno moja katika barua yako lililonifanya niisome mara mbili. Umesema "nimezika". Sijui kama ulikusudia, lakini ndilo neno lenyewe la Qur'ani.

Katika Sura Ash-Shams, sura ya 91, Mwenyezi Mungu anaapa kwa jua na mwangaza wake, kwa mwezi, kwa mchana, kwa usiku, kwa mbingu, kwa ardhi, kisha kwa nafsi. Viapo vyote hivyo vinatangulia jambo moja tu: amefaulu aliyeitakasa, na amepata hasara aliyeifukia. Ukiyatazama maneno ya Kiarabu katika aya hizo mbili, ya 9 na ya 10, utadhani uko shambani. Neno aflaha, amefaulu, limetokana na asili inayobeba maana ya kupasua ardhi, na ndiyo maana mkulima kwa Kiarabu huitwa fallah. Zakka ni kutakasa, na pia ni kukuza. Ni ukoo mmoja na zaka, ambayo huisafisha mali na kuizidishia baraka. Na dassa ni kuficha kitu chini, kukifukia. Baadhi ya waliotufasiria Qur'ani kwa Kiswahili wametumia neno "kuiviza", nami nalipenda sana, kwa sababu kila mama aliyefuga kuku analijua yai viza. Nje ni zima, lina uzito wake, kuku amelilalia siku zote 21, lakini ndani hakuna kifaranga.

Sasa fungua Sura An-Nahl, aya ya 59. Pale anatajwa baba wa zama za ujahiliya, kabla ya Uislamu, aliyeletewa habari kwamba amezaliwa binti. Anawaza: abaki naye kwa fedheha, au amfukie mchangani? Kitenzi cha "amfukie" ni cha asili ileile. Na binti yule, kama unavyojua, alikuwa mzima. Ndiyo maana nasema aya hii ni ya kutisha na ya kutumainisha kwa pamoja. Anayeizika nafsi yake hafukii maiti, anafukia kitu kinachopumua. Kwako wewe hilo ni jibu la swali la kwanza: ndiyo, kuna ulichokifukia, na la, hakijafa. Kingekuwa kimekufa kisingekusumbua usiku ukaandika barua.

Mtu atasema, mbona hata mbegu hufukiwa? Kweli, na jirani zetu wa Ahero wanaolima mpunga watakueleza tofauti. Mbegu huwekwa karibu na juu, kwenye kitalu, ikiangaliwa, hadi mche uweze kupandikizwa. Ukiididimiza mno, akiba iliyo ndani yake huisha kabla jani halijauona mwanga. Kufukia kwa kupanda kuna mtu anayerudi kutazama. Wewe miaka kumi na moja hukurudi kutazama, basi. Sikulaumu, watoto watatu na cherehani ni kazi. Lakini tuliite jambo kwa jina lake.

Kuhusu hizo video, nitasema kwa ufupi. Sehemu ya wanayosema ni kweli, kwamba Mola ameweka katika mwanadamu zaidi ya anavyojidhania. Kosa lao ni pale wanapomfanya mtu kuwa ndiye mwenye chanzo. Nafsi ni kiumbe na ni amana, haiamrishi ulimwengu. Mtume (s.a.w.), aliyekuwa msafi kuliko sisi sote, alikuwa akiomba, kama alivyopokea Imam Muslim katika mkusanyo wake wa hadithi: "Ewe Mola, ipe nafsi yangu uchamungu wake, na uitakase, Wewe ndiye mbora wa kuitakasa." Na tena Qur'ani inakataza katika Sura An-Najm, aya ya 32: msizitakase nafsi zenu. Kitenzi ni kilekile! Hakuna mgongano. Kule tumeamrishwa kazi, huku tumekatazwa kujisifu kwamba kazi imekwisha.

Kisha kuna jambo la shibe. Umefika Dunga, pale ufuoni mwa Ziwa Victoria, ukaona gugumaji lilivyofunika ziwa mpaka mashua haipiti? Gugu lile halistawi kwa sababu maji ni maskini. Linastawi kwa sababu maji yamelishwa kupita kiasi: mbolea inayosombwa na mito kutoka mashambani, na maji machafu ya miji. Moyo nao unaweza kufunikwa kwa kulishwa mno. Video kumi za kutia moyo kwa siku ni chakula kingi kuliko kazi unayoifanya nacho, na kinachobaki juu kinaziba mwanga. Punguza. Mwambie rafiki yako asante, ana nia njema.

Tuje kwenye kulea. Nimesikia wengi wakisema, "nikipata nafasi nitaishughulikia nafsi yangu", kana kwamba nafsi iko msikitini inatusubiri na kibandani tunakwenda bila yake. Hebu kumbuka dini hii ilivyofika huku kwetu. Katika karne ya 19 ilikuja Mumias na wafanyabiashara Waswahili wa misafara kutoka pwani, ikaingia hadi katika nyumba ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga. Hawakuwa watu waliomaliza shughuli ndipo wakaleta dini. Walikuja wakipima, wakihesabu, wakibadilishana. (Na tusiwapake asali: misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na wengine waliuza hata watu. Udhalimu ule nao ulifanywa sokoni.) Sokoni ndipo nafsi hukua au huviza, kwa sababu hapo ndipo hujaribiwa.

Na kwa fundi wa nguo, dada yangu, mtihani una jina: "njoo kesho". Utanisamehe, mimi mwenyewe nimewahi kuahidiwa kanzu ya Idd, nikaenda Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, kila siku kesho, nikaivaa Idd imeshapita siku nne. Fundi yule alikuwa mtu wa swala, na cherehani yake ilikuwa nzima. Shida ilikuwa ulimi wake kuchukua kazi ambayo mikono yake haikuiweza. Mtume (s.a.w.) ametaja alama za mnafiki, na mojawapo ni kwamba akiahidi huvunja, hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Januari shule zinapofunguliwa na wazazi wamejaa mlangoni na vitambaa vya yunifomu, ukiwa na uwezo wa sare ishirini, ukamwambia wa ishirini na moja "mama, sitaweza kabla ya Jumatatu, jaribu kibanda cha pili", hapo umeilea nafsi yako zaidi ya rakaa nyingi zenye mawazo ya mbali. Utaumia. Pesa itapita mbele ya macho yako kwenda kwa jirani. Maumivu yale ndiyo jembe.

Kuna na mabaki ya vitambaa. Nimeulizwa mara nyingi na mafundi, na jibu ni lile lile: mabaki ni ya mwenye kitambaa mpaka akuachie. Nusu mita ya kitenge ukiirudisha bila kuulizwa, mteja atashangaa, na wewe utaswali Adhuhuri siku hiyo ukiwa na mtu mwingine ndani yako. Jaribu, kisha uniandikie.

Naona hapa ndipo penye siri ya swala yako kavu. Hanzala, sahaba na mwandishi wa Mtume (s.a.w.), alitoka akilia kwamba amekuwa mnafiki, kwa sababu akiwa mbele ya Mtume huiona Pepo kama kwa macho, na akirudi kwa mke, watoto na shughuli za riziki husahau. Mtume hakumwambia aache riziki. Alimwambia kwamba kama wangedumu katika hali ile malaika wangepeana nao mikono vitandani na njiani, "lakini, ewe Hanzala, saa na saa." Imo kwa Muslim. Kwa hiyo ukavu wa mara moja moja si unafiki, ni ubinadamu. Ila kama hulali, huli, na kila kitu kimekuwa kijivu kwa wiki nyingi, hilo huenda ni ugonjwa kama malaria, na usione haya kwenda hospitali. Dua na dawa havigombani.

Kuhusu juzuu ulizozisahau. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali zinazopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Anza na Juzuu Amma, ile ya mwisho, ambayo ina aya 564. Ukirejea aya tatu kwa siku utaimaliza kwa siku 188, miezi sita na kidogo, na miezi hiyo itapita hata usipofanya lolote. Sisi tumepata neema ambayo ndugu zetu wa nchi za mbali hawana: mstari wa ikweta unapita pale Maseno, na nyakati za swala hapa Kisumu haziyumbi. Alfajiri ya Januari na ya Julai hutofautiana dakika chache. Basi ifunge kazi hiyo kwenye Alfajiri. Baada ya swala, kabla ya kuwasha jiko, shika Msahafu usome aya zako tatu kwa kuangalia. Mchana zirudierudie kwa moyo. Usiku zisome ndani ya swala ya Isha, hapo ndipo utajua zimeshika au zinateleza. Msimu wa yunifomu ukifika, fanya aya moja, usiache kabisa.

Ukishamaliza juzuu hiyo, tafuta watoto wawili wa jirani uwafundishe. Usichague Jumapili, Kibuye ikiwa imefurika. Na usiharakishe kuwa mwalimu wa mtaa mzima. Sahaba Abdullah bin Zaid ndiye aliyeoteshwa maneno ya adhana, lakini Mtume (s.a.w.) alimwambia amfundishe Bilal, kwa kuwa sauti ya Bilal ilikuwa bora kuliko yake, amepokea Abu Dawud. Mwenye ndoto hakuwa mwenye sauti, na hakununa. Abu Dharr naye, sahaba mkweli yule, aliambiwa waziwazi kwamba ni dhaifu katika uongozi, asisimamie hata watu wawili. Mtume alimwambia hivyo akimpenda. Kujua kipaji chako kinapoishia ni sehemu ya kukilea, na hili video zako hazitakuambia. Huenda kisomo chako kitarudi kama zamani. Huenda kitarudi pungufu, na mmoja wa hao watoto wawili ndiye atakayesomesha wengine.

Sasa lile jepesi. Kusoma Qur'ani kwa moyo bila udhu kunafaa, hata mguu ukiwa kwenye kanyagio la cherehani. Kinachohitaji udhu ni kuushika Msahafu, ndiyo maana nikauweka wakati wa Alfajiri. Ukiwa katika hedhi, madhehebu yetu ya Shafi hayaruhusu kuisoma Qur'ani kwa kukusudia kisomo. Imam Malik ameruhusu, na wanavyuoni wanaofuata kauli hiyo hutaja hofu ya mwanamke kusahau alichohifadhi, na hali yako ndiyo hasa hiyo. Ukiichukua kauli yake sitakupinga. Ukipenda tahadhari, siku hizo sikiliza kisomo na ulete adhkari (maneno ya kumtaja Mwenyezi Mungu) na kumswalia Mtume, hazina kizuizi. Ila ukisikiliza kwa simu, zima mashine kwanza. Qur'ani inayosomwa kwa simu haishindanishwi na kelele za cherehani.

Wallahu aalam.