Tramadoli baada ya upasuaji: ijue siku ya kuiacha kabla hujatoka wodini

Majeruhi wa bodaboda aliyetiwa chuma kwenye paja hutoka hospitali hapa Kisumu na bahasha ndogo za kaki zilizoandikwa kwa kalamu: 2x3, 1x3, pengine PRN. Akifika nyumbani Nyalenda au Ahero, zote husomwa kwa namna moja: ni dawa, zimezwe hadi ziishe. Zikiisha, kijana hutumwa kemisti na bahasha tupu alete nyingine kama hiyo. Mwezi wa tatu mfupa unaunga vizuri, lakini mgonjwa hapati usingizi bila tramadoli, dawa ya maumivu ya jamii ya mofini. Watu hunaswa hivyo, wala hawakuwa wakitafuta ulevi.

PRN maana yake ni "meza ukihitaji". Kabla ya kutoka wodini, muulize daktari au nesi: kati ya hizi, ipi ni ya jamii ya mofini? Nimepewa vidonge vingapi, na mwisho ni siku gani? Tarehe hiyo iandikwe kwenye bahasha yenyewe. Takwimu za Marekani zilizochapishwa 2017 zilionyesha kwamba uwezekano wa mtu kubaki na dawa hizi kwa muda mrefu hupanda kadiri siku zinavyoongezeka, na hupanda kwa kasi baada ya siku ya tano.

Msingi wa tiba ni parasetamoli. Wengi huidharau kwa kuwa ni ya bei rahisi, na kwa kuwa huimeza vibaya: kidonge kimoja, maumivu yakiwa yameshapamba moto. Mtu mzima wa kilo 50 na zaidi, mwenye ini zima, humeza vidonge viwili vya miligramu 500 saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni na saa sita usiku. Visizidi vinane kwa siku, na hesabu hiyo ijumlishe parasetamoli iliyomo kwenye dawa za mafua. Tega kengele ya simu. Daktari akikubali, ibuprofeni ya miligramu 400 huongezwa mara tatu kwa siku baada ya chakula, ila si kwa mjamzito wala mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo. Tramadoli ibaki ya kuziba pengo: kabla ya mazoezi ya magongo, au usiku unapokuwa mgumu. Usingoje maumivu yaishe kabisa ndipo uiache. Ukiweza kuketi, kukohoa na kulala, umefika.

Aliyeitumia kwa wiki nyingi asiikate ghafla. Arosto itamjia: miayo, makamasi, jasho, malaika kusimama, kuhara, usingizi kupotea. Wengi hudhani kidonda kimerudi, wakarudia dawa. Tuseme humeza vidonge vinne vya miligramu 50 kwa siku. Akisimamiwa na daktari, anaweza kuondoa kimoja kila wiki moja au mbili, akianza na cha mchana na kuacha cha usiku kiwe cha mwisho. Arosto ikimzidi, abaki hapo alipofika wiki nyingine, asirudi nyuma. Vidonge ashike mke, mama au dada, atoe vya siku hiyo tu.

Anayenyonyesha baada ya upasuaji wa kujifungua asimeze tramadoli wala kodeini, nayo ya jamii ya mofini, bila kumwambia daktari, maana dawa huingia kwenye maziwa na inaweza kupunguza pumzi ya mtoto. Mwenye kifafa naye aseme mapema, kwa sababu tramadoli huweza kuleta degedege. Chang'aa na dawa za usingizi zisikaribie kabisa: mgonjwa asiyeamka, anayekoroma kwa pumzi za taratibu, midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Maumivu yanayozidi badala ya kupungua hayatibiwi kwa kuongeza kidonge. Kidonda kikitoa usaha, homa ikipanda, shavu la mguu likivimba, au vidole chini ya plasta vikiwa baridi na ganzi, rudi hospitali usiku huo huo, usingoje tarehe ya kliniki.