Mdogo wangu, haikuwa kodi

Mdogo wangu, sauti uliyonirekodia nimeisikiliza mara mbili. Umeambiwa Carolina Kusini kuna joto kama Tanga, watu wakarimu, na kwamba habari za utumwa zinakuzwa tu, kwani majimbo ya Kusini yalijitenga na Muungano wa Marekani kwa ajili ya kodi. Aliyekwambia hajakaa anapokaa dada yako.

Maneno hayohayo nayasikia kila wiki kwa mzee ninayemhudumia. Namwogesha, nambadilisha nepi, namlisha, naye ananieleza kwamba wazee wake katika vita vya Kusini na Kaskazini walipigania haki za majimbo, yaani kila jimbo kujiamulia mambo yake. Mimi kimya. Nikimjibu nitapunguziwa zamu, na zamu hizo ndizo ada yako ya chuo. Kubeba boksi, yaani kazi hizi ngumu za ughaibuni, nimezoea. Ukimya huu ndio unaoniuma.

Basi nikujibu wewe. Jimbo hili lilijitenga hapahapa Charleston, Desemba 20, 1860, na siku 4 baadaye likatoa hati ya sababu zake. Niliisoma usiku nilipotoka zamu. Lalamiko lao kubwa ni kwamba majimbo ya Kaskazini yanakataa kuwarudisha watumwa waliotoroka. Haki za jimbo gani hizo, ikiwa walikasirishwa na jimbo jingine kutumia sheria zake kumlinda mtoro? Wenzao wa jimbo la Mississippi hawakuzunguka hata kidogo: waliandika kwamba msimamo wao umefungamana kabisa na utumwa. Na hiyo kodi wanayoisema, ushuru wa forodha, ilipandishwa Machi 1861, majimbo 7 yakiwa yameshatangaza kujitenga. Na wakati ule, katika kila watu 100 wa Carolina Kusini, 57 walikuwa watumwa. Hao ndio wazee wangu niliowakuta huku.

Wala usiseme hayatuhusu. Ile merikani ya bibi, unajua jina lake lilikotoka? Ni kitambaa kilichofumwa Kaskazini ya Marekani na kuuzwa Zanzibar, na pamba yake ilivunwa na watumwa wa Kusini.

Usije kufanya kazi hii, nakukataza. Ila ukipata nafasi ya kusoma, njoo, hata usiniulize. Chumba changu kinatosha wawili. Na ukija usinyamaze kama mimi. Hapana, nyamaza kwanza mpaka makaratasi yakamilike, ndipo useme. Lakini hati ile isome sasa, ukiwa huko nyumbani ambako hakuna wa kukukata zamu.

Ada nimetuma Ijumaa.