Rozela inapoficha kipimo cha vitamini C

SWALI: Shuleni tunapima vitamini C kwa DCPIP, dawa ya rangi inayopotezwa rangi yake na vitamini C. Chungwa na limau havisumbui. Maji ya rozela hayaonyeshi mwisho wa kipimo, na hata yakichemshwa saa nzima bado yanaonekana kuwa na vitamini C tele. Tunakosea wapi?
Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, hayo ni matatizo mawili tofauti.

La kwanza ni rangi. DCPIP ni ya buluu, lakini ndani ya asidi huwa ya waridi, na antosiani za rozela, yaani vitu vinavyoipa rangi yake, nazo huwa nyekundu humohumo. Ukingoja rangi ipotee, utangoja bure. Weka DCPIP kwenye bureti (mrija wa vipimo wenye koki), kisha punguza ml 5 za rozela kwa asidi oksaliki ya asilimia 0.5 hadi ml 50. Pembeni weka chupa ya pili yenye mchanganyiko uleule usiotiwa DCPIP, zote juu ya karatasi nyeupe. Mwisho ni pale chupa ya kwanza inapoizidi ya pili kwa wekundu kwa sekunde 5.

La pili ndilo gumu. Tanini na fenoli nyingine, kemikali zilizomo kwenye mimea, huiondolea DCPIP rangi kama vitamini C, na nyingi hubaki hata baada ya kuchemsha. Baadhi hufanya hivyo polepole, kwa hiyo maliza ndani ya dakika moja na usihesabu kufifia kunakofuata.

Zinazobaki zikamate kwa tango. Tango bichi lina kimeng'enya kinachoharibu vitamini C. Kamua na chuja. Nusu ya maji yake ichemshe dakika 10, ipoze, na ujazie maji yaliyopotea kwa mvuke. Chukua chupa mbili za rozela, ml 5 kila moja, na uongeze bikaboneti ya sodiamu kidogo kidogo hadi pH 6. Moja itie ml 2 za tango bichi, nyingine ml 2 za lililochemshwa. Tikisa dakika 10, maana kimeng'enya kinahitaji oksijeni. Jaza asidi oksaliki hadi ml 50, hakikisha wekundu umerudi, kisha pima. Tofauti ya DCPIP iliyotumika ndiyo vitamini C.

Jaribu kwanza kwa asidi askobiki safi: chupa ya tango bichi isipokaribia sifuri, ongeza tango.

Msisafishe rangi kwa mkaa. Huoksidisha vitamini C yenyewe. Na asidi oksaliki ni sumu. Asiinyonye mtu kwa mdomo kwenye pipeti.