Fizi zinazotoka damu na ini lenye mafuta

Swali: Nina kilo 104, ultrasaundi imeonyesha mafuta kwenye ini. Daktari akaniuliza kama fizi zinatoka damu. Fizi na ini wapi na wapi?

Jibu: Njia ziko mbili. Fizi iliyovimba ina vidonda ndani ya mfuko ulio kati yake na jino; ukitafuna, bakteria hupenya humo na kuingia kwenye damu. Wengine humezwa na mate, ambayo ni nusu lita hadi lita moja na nusu kwa siku. Utumboni huwavuruga bakteria wenyeji na kulegeza ukuta, sumu zikavuja na kuingia kwenye mshipa uendao moja kwa moja hadi kwenye ini. Mshipa huo ndio unaoleta takriban robo tatu ya damu ya ini. Ini lililokwisha kujaa mafuta likipokea sumu hizo huvimba, na uvimbe ukidumu huleta makovu.

Mshukiwa mkuu ni bakteria wa fizi aitwaye *Porphyromonas gingivalis*. Utafiti wa Japani wa mwaka 2012 ulimkuta kwa karibu asilimia 47 ya wenye ini la mafuta, na asilimia 22 ya wasio nalo. Kukutwa pamoja si kusababisha, ila panya waliolishwa mafuta mengi kisha wakaambukizwa, ini lao liliharibika haraka zaidi.

Swali: Kwa hiyo nikitibu fizi ini litapona?

Jibu: Usitegemee hivyo. Kwanza uzito: ukipunguza asilimia 5 mafuta hupungua, asilimia 7 hadi 10 uvimbe hutulia. Kwa mwenye kilo 104 ni kilo 7 hadi 10. Anza kwa kuacha soda.

Swali: Pale panapotoka damu nimeacha kupiga mswaki. Sawa?

Jibu: Hapana, hapo ndipo ukoga unapozidi. Tumia mswaki laini, uinamishe nyuzi 45 kuelekea kwenye fizi, dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala. Uzi wa meno mara moja kwa siku. Damu isipopungua kwa wiki mbili, huenda kuna ukoga uliokauka ukawa mgumu kama jiwe. Daktari wa meno ataupima mfuko: milimita 1 hadi 3 ni kawaida, kuanzia 4, tena unatoka damu, akwangue hadi chini ya fizi.

Swali: Mswaki wa mti je?

Jibu: Unafaa, ncha ikitafunwa hadi ilainike na kukatwa upya kila siku. Tatizo ni katikati ya meno: haufiki, na ugonjwa wa fizi hupenda kuanzia huko.

Swali: Ninunue antibayotiki dukani?

Jibu: Hapana. Bila kukwangua, dawa haipenyi utando wa ukoga.