Ukiugua ukiwa kwenye notisi: kwa mnaoanza kazi Arusha

Swali ninaloulizwa zaidi na vijana wanaoacha kazi kwenye kampuni za utalii na hoteli hapa Arusha ni hili: "Nimeshatoa notisi, lakini msongo umenizidi, usiku silali. Nikienda hospitali nikapewa ED, itakuwaje?" ED ni kile cheti cha daktari cha kukupumzisha kazi.

Nenda hospitali. Mpaka siku ya mwisho iliyoandikwa kwenye barua yako wewe bado ni mwajiriwa, na haki ya kuugua na kutibiwa unayo kama mwajiriwa mwingine yeyote. Hilo halina mjadala. Kinachowagharimu watu ni namna wanavyolifanya, na kwa kuwa nimekaa upande wa utumishi miaka mingi na kupokea barua nyingi za namna hii, naomba niwaeleze ninyi mnaoanza yale ninayoyajua.

Kwanza, msijilaumu kwa kuishiwa nguvu kipindi hicho. Wengi hapa mjini huandika notisi wakati msimu uko juu, kati ya Juni na Oktoba, maana ndipo kampuni nyingine zinapotafuta watu. Kwa hiyo unaaga huku simu za wageni zinaita, vocha hazijatoka, madereva wanadai posho, na wewe ndiye unayejua kontroli namba ipi imelipiwa na ipi bado. Bosi aliyekuwa anakuita "mwanangu" hakusalimii tena. Unatolewa kwenye grupu la WhatsApp la ofisi lakini bado unapigiwa saa tano usiku kuulizwa faili liko wapi. Kuna meneja anayethubutu kumwambia mtu, "Mji huu ni mdogo, tutaona utafanya kazi wapi." Mwili wa binadamu unavunjika kwa mambo hayo.

Sasa sheria. Nazungumzia sekta binafsi. Mtumishi wa umma ana taratibu zake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 32, inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Sharti lake ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Bila cheti mwajiri halazimiki kukulipa. Na ninyi wapya kazini sikilizeni hapa: mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 hana haki ya likizo yenye malipo chini ya sheria hiyo, isipokuwa wachache kama wafanyakazi wa msimu. Mkataba wako unaweza kuwa mwema zaidi, kwa hiyo usome kabla hujaumwa.

Notisi yenyewe iko kifungu cha 41. Anayelipwa kwa mwezi anatoa notisi isiyopungua siku 28, ila kama bado yumo ndani ya mwezi wake wa kwanza, hapo ni siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwe sawa kwa pande zote mbili. Ukiona mkataba unakudai wewe miezi mitatu na mwajiri mwezi mmoja, hapo pana tatizo.

Jambo ambalo karibu kila kijana hulielewa kinyume ni hili. Wengi hudhani siku za ED "zinakula" notisi: natoa notisi ya siku 28, naumwa siku 14, nabakiza 14. Kifungu hicho cha 41 kinasema notisi haitolewi wakati wa likizo, wala haitembei sambamba na likizo inayotolewa na sheria hiyo, na likizo ya ugonjwa ni mojawapo. Tuseme umeanza kuhesabu notisi tarehe 1 Agosti na siku ya mwisho ni 28 Agosti. Daktari akakupumzisha siku 7, tarehe 11 hadi 17. Mwajiri akiamua kuifuata sheria neno kwa neno, siku yako ya mwisho inasogea mpaka 4 Septemba. Na wewe huko kwingine umeahidi kuripoti tarehe 1. Hapo ndipo ugomvi unapoanzia, na hapo ndipo mtu aliyekuwa mgonjwa kweli anaonekana mjanja.

Dawa yake ni karatasi moja. Siku hiyohiyo unayopeleka cheti, ambatanisha barua fupi. Mimi huwashauri waandike hivi:

"Nawasilisha nakala ya cheti cha daktari kinachonipa mapumziko kuanzia tarehe 11 hadi 17 Agosti. Naomba tukubaliane kwa maandishi kwamba siku yangu ya mwisho kazini inabaki 28 Agosti. Endapo ofisi inaona vinginevyo, naomba nijulishwe kwa barua. Makabidhiano ya majukumu yangu yapo kwenye kiambatanisho."

Waajiri wengi ninaowajua husaini. Hawataki kukulipa wiki ya ziada, na hawataki mtu aliyechoka akiwa mezani pao. Ila usipoomba, hakuna atakayekupa, na makubaliano ya mdomo kwenye korido hayana kazi siku ya hesabu.

Mbona nasisitiza hivyo? Kwa sababu kifungu hichohicho kinamruhusu mwajiri kumkata pesa mfanyakazi aliyekataa kufanya kazi ndani ya notisi. Anakata kiasi ambacho angekulipa kama ungefanya kazi, kutoka kwenye pesa zako za mwisho. Kati ya "amekataa kufanya kazi" na "alikuwa mgonjwa" kinachosimama katikati ni kile cheti tu. Ukizima simu na kukaa nyumbani Sakina siku nne bila karatasi, hata kama ulikuwa unalia usiku kucha, kwenye mafaili utasomeka kama mtoro.

Cheti kikaguliwe kabla hujatoka dirishani. Kiwe na jina lako kama lilivyo kwenye mkataba, tarehe ya kuanza na ya kuisha, jina na sahihi ya daktari, na muhuri unaosomeka. Nimeona ED nzuri kabisa ikikataliwa kwa sababu tarehe ilifutwa ikaandikwa juu yake. Ipige picha kwa simu palepale. Ofisini peleka na nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Kama huwezi kufika, itume kwa barua pepe ya kazi na umtume ndugu na karatasi yenyewe.

Kwa daktari, sema ukweli wa mwili wako. Usianze na "naomba ED". Mweleze umekosa usingizi tangu lini, moyo unaenda mbio wakati gani, unakula au huli, unasahau nini. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza uchovu uliopitiliza wa kazini kuwa ni hali inayotokana na kazi, halikuuweka kama ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo daktari atatafuta kilicho nyuma yake: sonona, wasiwasi uliopitiliza, presha, vidonda vya tumbo. Hapa Arusha unaweza kuanzia Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, na walioko Moshi wanayo Mawenzi na KCMC. Na kama umefika mahali unawaza kujidhuru, hiyo si habari ya ED tena. Mwambie mtu aliye karibu akupeleke hospitali muda huohuo, notisi na barua vitasubiri.

Nyumbani utaambiwa uende kwenye maombi, au bibi atakutafutia dawa. Nenda, sina neno juu ya hilo, faraja ni sehemu ya kupona. Lakini karatasi ya mchungaji au ya mganga haitakulipia mshahara.

Daktari akisema pumzika, pumzika. Nilishuhudia kijana mwongozaji mzuri sana, mwenye lugha tatu, aliyekuwa kwenye ED akaonekana uwanja wa ndege wa KIA ameshika bango anapokea wageni wa kampuni nyingine. Dereva wa kampuni yake alikuwa hatua chache pembeni, anapokea wa kwao. Jioni picha ilikuwa imeshafika kwa meneja. Inawezekana kabisa alikuwa na msongo wa kweli, na mimi naamini alikuwa nao. Hakuna aliyemsikiliza tena. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliyefuata kuleta ED kwenye ofisi ileile, binti mgonjwa kweli, alitazamwa kama mwongo kabla hajafungua mdomo.

Makabidhiano yafanye mapema, wiki ya kwanza ya notisi, kabla nguvu hazijaisha: funguo, kompyuta, pesa ndogondogo pamoja na risiti zake, orodha ya wageni walioko njiani na malipo yaliyobaki. Msaini wote wawili. Ukiugua baada ya hapo, hakuna atakayekuwa na sababu ya kukupigia kitandani, na hutasingiziwa upotevu.

Likizo ya mwaka ni kitu kingine. Mwajiri haruhusiwi kuigeuza kuwa likizo yako ya ugonjwa, wala kukulazimisha uimalize ndani ya notisi. Siku unazodai hulipwa kwenye hesabu ya mwisho, pamoja na mshahara wa siku ulizofanya kazi. Na cheti cha utumishi ni haki yako hata kama mmeachana vibaya.

Angalia pia bima. Kama kadi yako ni ya mwajiri, ina mwisho wake, na dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu. Anza matibabu ukiwa bado una kadi, na umuulize daktari mtaendeleaje baada ya hapo.

Kuna wawili ambao nawaomba wasiandike barua ya kuacha kazi kabla hawajapata ushauri. Mmoja ni mwenye mkataba wa muda maalumu. Huyo hawezi kujitoa kwa notisi tu kabla ya muda, isipokuwa mwajiri amevunja mkataba kwa kiasi kikubwa au wamekubaliana kuachana. Mwingine ni yule ambaye msongo wake umetokana na manyanyaso: matusi, mshahara kuzuiwa, kushikwashikwa na bosi. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kuacha kazi kwa sababu mwajiri ameifanya isivumilike, na hiyo huhesabiwa kama ameachishwa. Lakini ukiandika "naacha kwa sababu binafsi" kwa sababu unaogopa, umejifungia mlango mwenyewe. Andika malalamiko kwanza, yapokelewe, na sababu ya kweli iwe ndani ya barua.

Madai ya kuachishwa isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na madai mengine kama mshahara na likizo ndani ya siku 60. Siku hizo zinatembea hata ukiwa umelala hospitali. Aliyechelewa anaweza kuomba kibali cha kusikilizwa nje ya muda kwa kueleza sababu, na anayesema alikuwa mgonjwa ataulizwa vyeti vilevile vya hospitali. Kwa hiyo ukirudisha ED ofisini, ile nakala yenye muhuri wa mapokezi iache kwa mtu wa nyumbani unayemwamini, pamoja na mkataba.